Kasi Iko Tezi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wapenzi wa boti za umeme za kuongozwa kwa rimoti. Nimeyaandika karibu yalivyotoka mdomoni. Nilichopunguza ni kukohoa kwangu na vicheko vyenu.

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyie watoto mliokaa chini hapa mbele ili mguse kila kitu nikigeuka: hamjambo?

Mnaiona boti yangu mezani imelala tumbo juu. Haikuanguka, nimeilaza hivyo makusudi. Mtu akiniletea boti na kulalamika kwamba haina mbio, kitu cha kwanza hufungua kifuniko. Ananionyesha mota, ananionyesha betri, ananisomea namba zilizoandikwa ubavuni. Mimi humwambia: funika, igeuze, nataka kuona tumbo. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngamani, ndani kule chini, ndimo tunamoweka mota na betri, na kweli tutarejea humo kabla sijashuka hapa. Lakini leo tunaanzia tezi, kwa sababu kasi ya boti hizi huamuliwa pale nyuma, katika eneo lisilozidi kiganja changu, kwa vipimo vya milimita moja moja. Fedha nyingi tunazozimwaga kwenye mota tungezibakiza mfukoni kama tungekuwa na subira ya kushika rula.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu kiboti kinachoongozwa kwa redio, New York, ndani ya Madison Square Garden. Kilikuwa na betri, mota, usukani na propela. Ukifungua boti yako leo utakuta ukoo uleule. Sidhani kama kuna aliyemuuliza Tesla kinakwenda kilomita ngapi kwa saa. Swali hilo tumelileta sisi, na limetutia gharama.

Sasa tutazame chombo kinapokuwa mbioni. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kiasi cha mara 800. Kila sehemu ya tumbo iliyolowa inavuta boti nyuma, kwa hiyo boti ya mbio haikati maji kama jahazi. Inapanda juu yake na kuteleza. Ikiwa imetulia sawasawa, kinachogusa maji ni kipande kidogo cha tumbo nyuma, ncha ya usukani, na nusu ya propela. Ndiyo, nusu. Propela za boti hizi zimeundwa ili jani moja liwe majini na jingine liwe hewani. Ukiona ile mkia mrefu wa maji unaorushwa nyuma kama jogoo aliyetanua manyoya, ni propela inayofanya kazi nusu nje. Kurekebisha boti, basi, ni kuipunguzia maji tumboni hadi karibu na pale itakapotaka kupaa, halafu urudi hatua moja nyuma.

Rula. Chukua rula ya chuma, ilaze kwa urefu juu ya tumbo, theluthi ya mwisho kuelekea nyuma, kisha umulike tochi upande wa pili. Ukiona mwanga katikati, tumbo limebonyea. Maji yakipita kwenye bonde hilo yatainua tezi na kuikandamiza omo, na boti italowa mbele kama inayonusa. Ukiona rula inabembea, mwanga uko kwenye ncha zake, tumbo limebinuka nje. Hiyo itadundadunda hata ufanyeje, na utahangaika na betri na vibao vya nyuma, vile vidogo vinavyofungwa tezini kurekebisha mkao wa boti, mwaka mzima bila kujua kwamba ugonjwa uko kwenye mfupa. Boti za kununuliwa zikiwa tayari huwa na kasoro hizi mara nyingi kuliko tunavyopenda kuamini. Zinatibika: epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia kwenye bonde, na kwa tumbo lililobinuka, msasa uliogandishwa kwenye ubao ulionyooka. Usisugue kwa kidole. Kidole hufuata kosa lililopo, ubao hulifuta.

Kisha gusa kingo. Pale tumbo linapokutana na ubao wa nyuma, na kwenye kona za ubavuni, pawe pakali. Maji hupenda kung'ang'ania kona ya mviringo. Mimina maji polepole kutoka kwenye kikombe chenye mdomo mnene, utayaona yanageuka na kutiririka ubavuni badala ya kuanguka. Ndivyo yanavyofanya tezini kwako kama fundi wa rangi ameviringisha kingo zote ili zipendeze machoni. Tumbo lenyewe halihitaji kung'aa kama kioo. Msasa laini wa kulowesha unatosha. Kingo ndizo zinazolipa.

Twende kwenye mguu. Naita mguu kile chuma kilichofungwa nyuma kinachoshika shafti, ile fimbo inayozungusha propela. Una mambo mawili ya kurekebisha, kimo na pembe, na hapa ndipo watu wazima hugombana kando ya maji.

Anza hivi. Kwa boti ya tumbo moja lenye mkuku, yaani ule mstari wa chini kabisa katikati ya tumbo, shafti iende sambamba na tumbo, katikati yake ikiwa usawa wa mkuku au chini kidogo. Kwa boti ya matumbo mawili, weka katikati ya shafti usawa wa sehemu za chini kabisa za matumbo hayo. Ukiushusha mguu, propela inazama zaidi: inashika maji vizuri, inainua tezi, inaisukuma omo chini, na inakula umeme. Ukiupandisha, mzigo unapungua na boti inakuwa nyepesi, lakini ukizidisha propela itapiga hewa, utasikia mota ikilia kwa sauti nyembamba na boti haiendi popote. Pembe nayo ina akili yake. Propela inasukuma kwa kufuata mstari wa shafti. Ncha ya nyuma ikiinama chini, msukumo unakwenda mbele na juu, tezi inapanda, omo inashuka. Ncha ya nyuma ikiinuka, tezi inavutwa chini na omo inapata uhuru wa kutazama mbingu. Tunazungumzia nusu digrii. Anayelegeza skrubu na kukadiria kwa jicho anacheza bahati nasibu.

Sasa propela, au rafadha kama baadhi yenu mnavyopenda kuiita. Namba zake ni mbili: kipenyo, na hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa sabuni ngumu. Propela ya milimita 42 yenye uwiano wa hatua kwa kipenyo wa 1.4 ina hatua ya milimita 58.8. Chukua mota ya KV 2,000, maana yake mizunguko 2,000 kwa dakika kwa kila volti moja, na betri ya seli 4, volti 14.8. Unapata mizunguko 29,600 kwa dakika. Zidisha kwa hatua: mita 1,740 kwa dakika, yaani kilomita 104 kwa saa. Kwenye karatasi. Majini mota inalemewa, volti zinashuka, propela inateleza. Mimi hukata robo nzima, nabaki na kama 78, na mara chache nimedanganyika sana. Wengi wenye boti za ukubwa wa kati hulenga mizunguko kati ya 25,000 na 35,000. Ukivuka hapo, kila kosa dogo la mizani ya propela linageuka kuwa tetemeko.

Hapa nitubu dhambi yangu. Nilikuwa na boti iliyokwenda vizuri kwa propela ya 42. Nikajiambia, milimita 3 ni nini? Nikafunga ya 45. Mzunguko wa kwanza niliona raha, wa pili nikaita watu waje waone, wa tatu nikaona moshi. Baadaye niliketi na kalamu. Kwa propela za umbo moja, mizunguko ikiwa ileile, nguvu inayohitajika hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Gawanya 45 kwa 42, kisha zidisha majibu matano ya namna hiyo pamoja: unapata 1.41. Milimita 3 zilikuwa zimeiomba mota nguvu zaidi kwa asilimia 41. Mota ile ilizunguka tena ilipopoa, lakini haikuwa ileile. Sumaku za neodimiamu za aina ya kawaida huanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi joto 80 za Selsiasi hivi, na sumaku ikidhoofika mota hukimbia zaidi ikiwa mikono mitupu na kuvuta umeme mwingi zaidi ikipewa kazi. Ikishachemka mara moja, inajichemsha yenyewe mara ya pili. Niliiweka kabatini. Bado ipo, naitazama nikitamani propela kubwa.

Naona mkono umeinuka. Ndiyo, dada yangu. Anauliza kama propela ya plastiki iliyokuja na boti yake aitupe.

Usiitupe, dada, jifunzie nayo. Ubaya wake ni kwamba majani yake hupinda chini ya mzigo, kwa hiyo hatua unayosoma kwenye pakiti siyo unayoipata mbioni. Ya chuma haipindi, ila ikitoka dukani huwa nene na butu, na lazima inolewe na kusawazishwa. Unanoa ukingo wa mbele, ule unaoingia majini kwanza. Kusawazisha ni hivi: propela ikae kwenye shafti nyembamba inayozunguka bila kukwama, jani zito litashuka chini, nawe unalisugua upande wa mgongo, si upande unaosukuma maji, hadi propela ikubali kusimama popote unapoiacha. Na tafadhali, kama ni shaba yenye beriliamu, isugue ikiwa imelowa na ufunike pua na mdomo. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Hilo silisemi kwa kutisha watoto.

Kati ya mota na propela kuna shafti, na boti nyingi za mbio hutumia ile ya nyuzi za chuma zilizosukwa, inayonyumbulika ndani ya mrija. Ina siri moja ambayo imeua boti nyingi mpya. Inapopokea nguvu, msuko unajikaza na shafti inafupika. Kwa hiyo kati ya mguu na kile kishikio cha propela lazima uache nafasi: milimita 3 kwa boti ndogo, 5 au 6 kwa kubwa. Usipoiacha, shafti itavuta propela hadi isage mguu, na utaona joto na umeme vikipanda bila sababu unayoijua. Ikizungushwa upande usio wake, msuko unafumuka, unavimba ndani ya mrija na kukatika. Itoe baada ya kila siku ya majini, ifute, ipake grisi upya. Ni kazi ya dakika 5 yenye uchafu mwingi, nami nimewahi kuiahirisha nikalipa shafti nzima.

Haya, sasa ngamani.

Kitu kizito kuliko vyote humo ni betri, kwa hiyo betri ndiyo chombo chako cha kusawazishia uzito. Inue boti iliyokamilika kwa vidole viwili, kimoja kila ubavu. Boti ya tumbo moja huanza vizuri kitovu cha uzito kikiwa kwenye asilimia 30 hivi ya urefu wa tumbo, ukipima kutoka tezi. Sogeza betri mbele, boti inatulia, inalowa, inapunguza mwendo. Sogeza nyuma, inafunguka, na siku moja yenye upepo itakuonyesha tumbo lake angani. Tia alama ya kalamu ndani kila sentimita moja ili ujue ulikuwa wapi. Kuna na ya kushoto na kulia. Propela nyingi za boti hizi, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Boti inajibu kwa kulalia upande wa kulia. Kusogeza betri kushoto milimita chache huponya kulalia huko kwa bei rahisi kuliko kushusha kibao cha nyuma, kwa sababu kibao kinaponya kwa kuvuta.

Waya za betri ziwe fupi. Kama boti ni ndefu na huna budi kurefusha, refusha zile tatu za kwenye mota, si mbili za betri. Waya ndefu upande wa betri hukitesa kidhibiti mwendo, kile kinachogawia mota umeme, kwa mawimbi ya umeme, na kapasita zake, vile vikopo vya kutuliza umeme, ndizo hufa kwanza. Kuongeza kapasita jirani na kidhibiti husaidia. Maji ya kupoza yapite kwenye kidhibiti kwanza, mota baadaye. Yakitoka kwenye tundu la ubavuni kwa mkondo unaouona ukiwa nchi kavu, una amani. Risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, itie kwenye kimfuko au puto, na antena itoke juu, maana mawimbi ya 2.4 GHz hayapendi maji wala tumbo la nyuzi za kaboni. Jaza povu jepesi kila pembe iliyo tupu, kisha funga kifuniko kwa utepe wa gundi pande zote. Boti isiyo na povu ikipinduka huwa imeamua kuhama.

Betri za lithiamu polima zina adabu zake. Seli imejaa kwenye volti 4.2, inatunzwa kwenye 3.8, na kidhibiti kiambie kikate nguvu kwenye 3.3 hivi. Tumia asilimia 80 ya ujazo, iliyobaki iache. Zichaji ukiwa macho, juu ya kitu kisichoungua. Namba ya C iliyo kwenye karatasi ya nje, inayodai betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani, muisome kama mnavyosoma sifa za bwana harusi.

Siku ya majini sasa. Wote mnajua inavyokuwa. Unatoa boti, wanakuja watu wanne, mmoja anasema shusha mguu, wa pili anasema badilisha propela, wa tatu anasema rudisha betri nyuma, wa nne hana boti. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mrama ndio hasa utakaouona. Badilisha kitu kimoja. Endesha. Andika. Kisha kingine. Mimi nina daftari lenye madoa ya grisi, na limenisaidia kuliko rafiki yeyote mwenye sauti kubwa.

Mara ya kwanza usiendeshe zaidi ya dakika moja. Irudishe, fungua, pima joto kwa kipimajoto cha mwanga. Mota ikivuka nyuzi 65, betri ikivuka 55, propela ni kubwa kwa boti hiyo, hata kama unaipenda. Halafu ichaji betri uone imemeza kiasi gani. Hapa kuna hesabu tamu isiyohitaji chombo chochote cha ghali. Tuseme umeendesha dakika moja, na chaja ikarudisha miliampea-saa 1,500. Zidisha mara 60: ulikuwa unavuta wastani wa ampea 90. Betri ya 5,000, ukitumia 4,000 tu, itakupa dakika 2 na nusu na ushei. Weka saa ya rimoti ikuite kwenye dakika 2. Boti iliyozimikia katikati ya ziwa haina msomi wala mjinga, wote husimama ukingoni wakiitazama.

Kisha soma inavyokwenda. Ikidundadunda omo juu chini, na rula ilikwisha kuhakikishia tumbo, sogeza betri mbele kidogo au inamisha ncha ya nyuma ya shafti kwa nusu digrii. Ikienda mrama, ubavu huu na ule, mara nyingi imebaki kusimama juu ya mkuku tu, tezi imeinuka mno: pandisha mguu milimita moja, kagua kama usukani na mguu viko wima, kagua kama usukani una mchezo. Ikitaka kupaa, uzito mbele, na punguza mwendo ukielekea kwenye upepo. Kwenye kona, kumbuka boti nyingi zimetengenezewa kona za kulia, ndiyo maana usukani umekaa kulia kwa propela. Kona ya kushoto kwa kasi kamili ni kuiomba ipinduke. Vibao vya nyuma vianze usawa wa tumbo. Viguse mwisho kabisa, viwe kama chumvi.

Kuhusu vidole, nitasema kwa ukali. Rimoti huwashwa kwanza, betri baadaye. Ukimaliza, betri hutoka kwanza. Betri ikishaunganishwa, hakuna mkono karibu na propela, hata mota ikiwa kimya kama mtawa. Kabla ya kuitia majini, ondoa propela, washa, zungusha mota polepole, kisha zima rimoti: mota isimame yenyewe. Isiposimama, leo huendi majini. Na boti ikikwama mbali, usiogelee kuifuata. Njoo na uzi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi, au kaisubiri upande ule upepo unakoisukuma. Itafika. Nimewahi kungoja saa mbili nikila njugu, ikafika.

Nimezungumza sana na boti yangu bado tumbo juu. Yule kijana mwenye boti ya njano, aliyeniambia mlangoni kwamba anataka kuongeza seli mbili, bado yupo? Njoo nayo, mwanangu. Igeuze hapa kando ya yangu. Nani ana tochi? Nipeni na ile rula.